Maji ya Pamoja Kama Kinga ya Kaya ya Mkulima: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila wanapokutana watumiaji wa mfereji mmoja, na kila majirani wanapofikiria kuchimba bwawa la pamoja. Majibu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Mnaposema "maji ya pamoja" mna maana gani?

Ni chanzo chochote ambacho kaya zaidi ya moja zina haki ya kukitumia na wajibu wa kukitunza: mfereji uliochepushwa kutoka mtoni, bwawa, lambo, chemchemi, kisima kirefu chenye pampu moja. Mvua hunyeshea wote, lakini hakuna awezaye kumwambia jirani kuhusu mvua kwamba "leo ni zamu yangu". Zamu ndiyo inayoyatofautisha. Mto usio na makubaliano nao haumo humu, maana maji yake ni ya anayewahi.

Kwetu mvua ipo. Maji ya mfereji yatatukinga na nini?

Yatawakinga na wiki mbili za jua kali katikati ya msimu. Mtu akisikia ukame huwaza mwaka mzima bila tone, ilhali mazao mengi hufia kwenye pengo fupi. Mvua inaanza vizuri, mbegu inaota, palizi inafanyika, kisha mawingu yanatoweka siku kumi na tano au ishirini. Mwisho wa msimu ukijumlisha mvua yote unaweza kukuta kiasi cha kawaida kabisa, na ghala likawa tupu.

Pengo hilo haliumizi sawa nyakati zote. Mahindi machanga hujikunja majani mchana na kuinuka jioni, yana subira. Yakifika wakati wa kutoa mbelewele, lile ua la kileleni lenye chavua, subira hiyo imekwisha. Kiu ya siku chache huchelewesha nywele za gunzi, chavua inamwagika kabla nywele hazijatoka, na ukimenya gunzi unakuta punje zimeachana kama meno ya mtoto anayeng'oka. Mvua ikirudi wiki inayofuata shamba linapendeza, kijani tupu, lakini gunzi halirekebishiki tena.

Maji ya kuziba pengo kama hilo hayatishi kwa wingi. Milimita 1 ya maji kwenye hekta moja ni mita za ujazo 10, yaani lita 10,000. Ekari moja ikipewa milimita 40, ambazo ni kama mvua moja nzuri ya kuzama, inahitaji mita za ujazo 160 hivi. Mfereji unaofikisha shambani lita 10 kwa sekunde unaimaliza kazi hiyo kwa saa nne na nusu. Kwa ndoo ya lita 20 ni ndoo 8,000. Ndiyo maana hakuna kaya inayojiokoa yenyewe kwa kubeba kichwani, na ndiyo maana zamu moja ikiangukia wiki ya mbelewele inaweza kuwa na thamani kuliko zamu zote zilizoitangulia.

Hayo ni mavuno. Na maisha ya kaya yenyewe yanakingwaje?

Hapa pana faida ambayo watu wengi hawaihesabu, kwa sababu haionekani kwenye magunia.

Mkulima anayetegemea mvua peke yake huanza kujikinga kabla hajapanda. Hununua mbolea nusu au haweki kabisa, kwa kuwa mbolea iliyolala kwenye udongo mkavu ni fedha iliyozikwa. Huchagua mbegu ya kuvumilia kuliko ya kuzaa sana. Hugawa shamba vipande vipande na kupanda tarehe tofauti, ili kimoja kikikosa kingine kipate. Wapita njia wanaweza kumwona mtu asiyetaka maendeleo. Huyu anakata bima kwa njia pekee aliyo nayo, na anailipia kwa mavuno madogo kila mwaka, hata ile miaka ambayo mvua ilikuwa njema.

Halafu yapo ya baada ya pigo. Msimu ukiharibika, kaya huuza mbuzi. Jirani naye anauza, na wa kijiji cha pili pia, mnada unajaa mifugo iliyokonda na bei inaporomoka siku ile ile ambayo bei ya nafaka inapanda. Mbuzi jike aliyeuzwa mwaka wa njaa hanunuliki tena kwa bei ile ile mwaka wa neema, na watoto wake wote wamekwenda naye. Baada ya mbuzi hufuata mkopo, mbegu kuliwa, mtoto kukaa nyumbani kwa kukosa ada, kijana kwenda kutafuta vibarua mbali wakati shamba linamhitaji. Msimu mmoja mbaya unaweza kuifuata nyumba miaka mitano.

Maji yenye ratiba hugusa pande zote mbili. Mkulima anayejua kwamba kila siku ya kumi mfereji unaingia kwake hununua mbolea yote, hupanda kwa wakati na hupalilia kwa moyo. Kipande kidogo cha mboga kando ya mfereji kinaleta fedha kiangazi, miezi ile ambayo nyumba nyingi hukopa. Pigo likija, mbuzi anabaki zizini.

Neno la kushika hapo ni ratiba. Nikiambiwa nichague kati ya maji mengi ambayo hayajulikani yatakuja lini na maji machache yanayokuja siku iliyosemwa, nachukua machache. Maji yasiyotabirika, hata yawe mengi, hayawezi kumfanya mtu anunue mbolea.

Kwa nini tusikate bima ya mazao tu, tuachane na mifereji na mikutano?

Mkiweza, vikae vyote viwili. Bima hulipa baada ya hasara. Maji huzuia hasara isitokee. Nyingi za bima zinazouzwa kwa wakulima wadogo hupima mvua ya eneo zima, kwa kituo au kwa setilaiti, bila kutembelea shamba la mtu. Basi inawezekana kipimo kikaonyesha mvua imetosha wakati upande wako wa kilima haukupata kitu. Hasara ni yako na malipo hakuna. Maji ya mfereji hayana tatizo hilo, kwani yanaingia kwenye shamba lile lile lenye kiu.

Bima nayo inaweza kufika mahali ambapo mfereji haufiki. Ukame mkubwa unaokausha mto unakausha mfereji pia, na hapo fidia kutoka mbali ndiyo msaada. Kwa hiyo mgawanye kazi: maji yashughulikie mapengo madogo ya kila msimu, bima ishughulikie mwaka mbaya unaokuja mara chache. Anayeitegemea bima kwa kila pengo dogo atalipa ada kubwa mno.

Mimi nina uwezo kidogo. Si afadhali nichimbe kisima changu?

Kisima chako ni bomba lako kwenye tangi la wote. Maji ya chini ya ardhi hayajui mpaka wa shamba. Ukivuta wewe, usawa unashuka kwa jirani. Naye anaongeza kina, anavuta zaidi, na wewe unaongeza. Mwenye fedha ya kuchimba chini zaidi hubaki na maji, na visima vifupi vya wengine, pamoja na vile vya kunywa, hukauka kwanza. Mbio hizi zimeshuhudiwa India, Mexico, Yemen na majimbo makavu ya Marekani.

Pampu za jua zimeongeza uzito wa swali hili. Ni neema, kwa sababu hazidai dizeli. Lakini dizeli ilikuwa pia breki: mtu alizima injini fedha ilipokwisha. Jua halikwishi fedha, na pampu iliyokwishalipiwa huachwa ivute toka asubuhi hadi jioni hata shamba likiwa limetosheka. Kama mnafunga pampu za jua, kubalianeni saa za kuvuta kabla fundi hajaja, na mpime usawa wa maji kisimani kila mwezi kwa kamba yenye mafundo. Kamba hiyo haigharimu kitu na itawaambia mapema kuliko mtaalamu yeyote.

Sisemi kisima binafsi ni dhambi. Pale penye maji mengi ya juujuu na watu wachache kinaweza kuwa jibu zuri.

Ukame mkubwa ukija na mto ukapungua, si wote tunaumia pamoja?

Mnaumia pamoja, na ni lazima kulisema hili wazi. Kusaidiana kwa majirani hufanya kazi vizuri pigo linapomwangukia mmoja: huyu kaugua, yule shamba lake limeliwa na wadudu. Pigo la kuwapata wote siku moja halina jirani wa kumkimbilia, na maji ya pamoja yana udhaifu huo huo kwa sababu chanzo ni kimoja.

Lakini kuumia pamoja kwa utaratibu ni tofauti kabisa na kuumia pamoja kwa kunyang'anyana. Vikundi vilivyodumu huandika kanuni za upungufu wakati maji ni mengi, watu wakiwa bado na akili tulivu. Mfano: mto ukishuka chini ya alama fulani kwenye banio, yaani kizuizi kinachoelekeza maji ya mto mferejini, kila kaya inamwagilia nusu ya eneo lake. Ukishuka alama ya pili, miti ya matunda na mazao yaliyokaribia kukomaa hupewa kwanza, na hakuna anayepanda kipya. Ukishuka alama ya tatu, maji ni ya kunywa watu na mifugo. Kanuni iliyoandikwa baada ya ukame kuanza itaandikwa na wenye nguvu.

Na pale inapowezekana, wekeni akiba. Bwawa dogo linalojazwa usiku au msimu wa mvua hutenganisha siku ya maji kuja na siku ya maji kuhitajika. Kumbukeni tu kwamba jua nalo ni mnywaji. Penye joto na upepo, uso wa bwawa unaweza kupoteza milimita 5 au zaidi kwa siku. Bwawa lenye uso wa mita za mraba 1,000 hupoteza hivyo mita za ujazo 5 kila siku, lita 5,000. Bwawa lenye kina na uso mdogo hutunza akiba kuliko lililotandaa.

Zamu igawanywe kwa saa, kwa ukubwa wa shamba, au kwa idadi ya watu?

Kila njia ina mahali ilipodumu.

Kwa saa: Oman ina mifereji iitwayo aflaj, mitano kati yake imeorodheshwa na UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, tangu 2006 kama urithi wa dunia. Zamu huko zilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Kwenye mifereji mikubwa ya Pakistan na kaskazini mwa India, mzunguko wa wiki moja humpa kila mkulima saa zake zisizobadilika, kulingana na eneo lake. Uzuri wa saa ni kwamba hata mtoto anaweza kuhakikisha. Ubaya wake ni kwamba saa moja mwanzoni mwa mfereji huleta maji mengi kuliko saa moja mwishoni, kwa sababu njiani mfereji wa udongo hunywa.

Kwa ukubwa wa shamba ni rahisi kukokotoa, ila aliye na kingi anaongezewa.

Kwa idadi ya watu: baada ya ukame wa 1972 katika jimbo la Maharashtra nchini India, Vilasrao Salunkhe alianza na wanavijiji mpango ulioitwa Pani Panchayat, yaani baraza la maji. Mgao ulifuata idadi ya watu katika kaya, hata wasio na ardhi walihesabiwa, na miwa ilikatazwa kwa kuwa ina kiu kubwa. Naupenda mfano huo kwa sababu ulianza na swali la nani anahitaji kukingwa, ukaliacha nyuma swali la nani ana shamba. Mahali ambapo maji ni machache na watu ni wengi, kanuni ya watu ndiyo inayokinga njaa.

Msichanganye kipimo katikati ya msimu. Aliyepanda akitegemea saa sita akipewa nne mmemharibia hesabu yote.

Banio letu ni la mawe na matete, mafuriko hulisomba kila mwaka. Tukijengewa la zege si tutakuwa salama?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu kuna jambo limejificha ndani yake.

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza watu wanavyotunza mali ya pamoja. Yeye na wenzake walilinganisha skimu za umwagiliaji zaidi ya 100 nchini Nepal: zile zilizoendeshwa na wakulima wenyewe kwa mabanio ya kienyeji, na zile zenye mabanio ya kudumu zilizoendeshwa na serikali. Mtu angetarajia zege lishinde. Kwa ujumla ikawa kinyume, na hasa kwenye jambo moja: maji kufika mwisho wa mfereji. Wakulima wa chini walipata zaidi kwenye skimu zile za mawe na matawi.

Sababu yake ikieleweka, mtu haisahau. Banio linalosombwa kila mwaka linahitaji mikono mingi kulirudisha. Wakulima wa juu hawawezi peke yao. Wanawahitaji wa chini waje na majembe na mawe. Na wa chini hawaji kufanya kazi kwenye mfereji usiowafikishia maji. Basi wa juu, kwa faida yao wenyewe, wanaachia maji yashuke. Likija banio la zege lisilohitaji kukarabatiwa, kamba hiyo inakatika. Wa juu hawamhitaji mtu tena.

Hii haina maana mkatae zege. Watu wamefia mtoni wakipanga mawe, na wanawake wamebeba mzigo huo mgongoni miaka mingi. Maana yake ni kwamba siku zege linapoingia, tafuteni kamba nyingine ya kuwafunga wa juu na wa chini, na iandikwe kabla ya sherehe ya uzinduzi. Inaweza kuwa zamu inayoanzia chini kupanda juu. Inaweza kuwa usafishaji wa mfereji mzima, ambao kila mtu anafanya toka banio hadi mwisho, badala ya kila mtu kufyeka mbele ya shamba lake. Inaweza kuwa sharti kwamba mgawa maji atoke miongoni mwa wakulima wa mwisho. Huyo hatasahau kufungua geti.

Aliyewahi kukaa mwisho wa mfereji anajua usiku wa kungojea. Umekaa kwenye tuta na tochi, jembe miguuni. Mfereji ni mkavu, kisha unasikia kwanza majani makavu yakisogea, kabla hujaona maji. Halafu ulimi mwembamba wa tope unakuja ukisukuma povu na vijiti. Unazibua. Nusu saa baadaye maji yanapungua, na unajua bila kuambiwa kwamba mtu huko juu amefungua kwake. Kinga yote niliyoieleza hapo juu hupatikana au hupotea kwenye nusu saa hiyo.

Tufanye nini na wanaoiba maji?

Anzeni na adhabu ndogo isiyokwepeka. Moja ya mambo ambayo Ostrom aliyakuta kwenye vikundi vilivyodumu ni adhabu inayopanda ngazi: onyo, faini ndogo, faini kubwa, mwisho kufungiwa. Mwizi wa mara ya kwanza mara nyingi ni mtu aliyebanwa, mahindi yake yananyauka macho yakiona. Mkimpiga faini ya kumfilisi, ama atakataa kulipa na wenzake watamwonea huruma, ama mtapoteza mwanachama.

Na kesi isilale. Valencia, Hispania, kuna baraza la maji ambalo hukutana kila Alhamisi saa sita mchana mlangoni pa kanisa kuu. Waamuzi ni wakulima waliochaguliwa na wenzao, mashauri ni ya mdomo, hadharani, na uamuzi hutolewa hapo hapo. Limekuwapo karne nyingi, na UNESCO ililitambua mwaka 2009. Nguvu yake ni kwamba mmwagiliaji hana muda wa kungoja. Shauri la maji likiamuliwa baada ya miezi mitatu, zao lililogombewa limeshakufa.

Wanawake, wapangaji na wasio na ardhi wanaingia wapi?

Mara nyingi hawaingii, na hilo ni kosa kubwa la vikundi vingi. Uanachama hufungwa kwenye hati ya shamba, hati ina jina la mume, na mume yuko mjini akitafuta kibarua. Anayesimamia maji usiku ni mke, lakini kwenye daftari hayupo, na mkutanoni hana kura. Mume akifariki, shemeji huja kudai zamu. Kaya iliyokuwa na kinga inaipoteza siku ile ile ya msiba.

Dawa haina gharama: andikeni majina mawili kwa kila kaya, na mruhusu mmoja wao apige kura. Mpangaji naye aandikwe kwa msimu anaolima, maana asiyejua kama zamu itamfuata hawezi kuweka mbolea kwenye shamba la watu.

Zamu za usiku nazo ziangaliwe. Kwa mwanamke peke yake, kilomita mbili gizani ni hatari ambayo hakuna mavuno yanayoifidia. Vikundi vingine huzungusha ratiba ili usiku usimwangukie mtu yule yule, vingine hujaza bwawa dogo usiku na kugawa mchana. Hili la bwawa ndilo bora.

Ada ilipwe lini?

Baada ya mavuno, si kabla ya kupanda. Mwezi wa kupanda ndio mwezi ambao mfuko wa kaya umetoboka. Wanaoweza kulipa mapema wapewe nafuu kidogo. Asiye na fedha alipe kwa siku za kazi kwenye mfereji, na siku hizo ziandikwe kwenye daftari lile lile, kwa kalamu ile ile. Mfuko wa matengenezo utenganishwe na posho za viongozi; hesabu isomwe kwa sauti kila mkutano. Nimeona kikundi kikivunjika kwa ajili ya mifuko kumi ya saruji ambayo hakuna aliyeweza kuieleza. Maji yalikuwepo tele.

Je, maji yenyewe hayawezi kutuletea hatari mpya?

Yanaweza.

Udongo unaomwagiliwa bila mifereji ya kutoa maji hujaa chumvi taratibu. Mkiona utando mweupe juu ya matuta wakati wa jua, mmechelewa kidogo, lakini bado kuna nafasi. Maji yaliyotuama huzalisha mbu, na konokono wa kwenye mifereji hubeba kichocho, kwa hiyo watoto wasigeuze mfereji kuwa bwawa la kuogelea, na majani ya kingoni yafyekwe.

Kuna hatari ya soko pia. Wote mkipanda nyanya wiki moja kwa kuwa wote mmepata maji wiki moja, bei itawaangusha pamoja. Zamu inaweza kutumika kupanga tarehe za kupanda mboga ili mavuno yasimwagike sokoni siku moja.

Kwa mpunga shauri ni tofauti. Bali, Indonesia, vyama vya wamwagiliaji viitwavyo subak hupatana ili mashamba jirani yapumzike pamoja baada ya mavuno, wadudu wakakosa pa kukaa. Miaka ya 1970 wakulima walihimizwa kupanda mfululizo, kila mtu kwa haraka yake, kwa mbegu mpya. Wadudu wakafuata kwa wingi. Mwanaanthropolojia Stephen Lansing alionyesha kwamba ratiba ya maji ya zamani ilikuwa pia dawa ya wadudu. Wa juu walikuwa na sababu ya kupatana na wa chini hata kama maji yaliwatosha: panzi wa mpunga hupanda mlima pia. Urithi huo umo katika orodha ya UNESCO tangu 2012.

Tuko majirani ishirini na kijito kimoja. Tuanzie wapi?

Pimeni kijito mwezi wa kiangazi kikali, mkiwa wote mmesimama pale. Msitumie kipimo cha msimu wa mvua; hicho humdanganya kila mtu.

Tafuteni sehemu iliyonyooka ya mita 10. Pimeni upana wa maji na kina chake cha wastani. Tupeni kijiti katikati, mhesabu sekunde hadi kivuke mita hizo 10; rudieni mara tano na mchukue wastani. Tuseme upana ni nusu mita, kina ni sentimita 20, na kijiti kinatumia sekunde 40. Mwendo wa juu ni robo mita kwa sekunde. Maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, kwa hiyo zidisheni kwa 0.8, mpate 0.2. Eneo la maji ni nusu mita mara 0.2, yaani mita ya mraba 0.1. Zidisheni tena: mita za ujazo 0.02, ambazo ni lita 20 kwa sekunde. Kwa siku nzima ni mita za ujazo 1,728.

Zao lililokomaa majani penye joto linaweza kunywa milimita 5 kwa siku, yaani mita za ujazo 50 kwa hekta. Mfereji wa udongo unaweza kupoteza nusu njiani, kwa hiyo mhesabu 100. Kijito chenu basi kinamudu hekta 17 hivi, mkikichukua chote, jambo ambalo hamwezi kulifanya kwa sababu kuna watu na mifugo chini yenu. Mkiacha nusu ipite, ni hekta 8 na kidogo kwa kaya ishirini, yaani ekari moja kwa kila kaya.

Ekari moja. Semeni namba hiyo kwa sauti hapo hapo mtoni, kabla mtu yeyote hajanunua mbegu ya ekari tatu, na kabla hamjamchagua mwenyekiti.